Namna ya Kuifanya Jumuiya Ndogo Ndogo Iwe Mahali pa Kutiana Moyo

Maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, yaani shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi mwaka 1973 wakakubaliana kwamba maisha ya Kanisa hayana budi kujengwa katika jumuiya za waamini wanaoishi jirani, na mwaka 1976 wakazifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Hekima ya uamuzi huo huonekana parokiani kila Dominika, kwani katika Misa yenye mamia ya watu mtu anaweza kuingia na kutoka bila yeyote kujua kwamba ameachishwa kazi au kwamba nyumbani ameacha mgonjwa. Waraka kwa Waebrania (10:24-25) unatutaka tuangaliane na kuhimizana, na watu wasiojuana hawawezi kuangaliana.

Kwa hiyo anzeni na ukubwa wa jumuiya. Familia kumi hadi kumi na tano zinatosha. Zikizidi sana, gaweni jumuiya mapema, hata kama wenyeji wake wamezoeana na wanaona uchungu kutengana.

Sala izunguke nyumba kwa nyumba, pamoja na nyumba ya mpangaji mwenye chumba kimoja ambako wengine watakaa mkekani na wengine mlangoni. Ili zamu hiyo isiwe mzigo, kubalianeni waziwazi kwamba mwenyeji hapiki wala haandai chai. Jambo hili laonekana dogo, lakini mama asiye na sukari ndani ataanza kutoa udhuru wiki zamu yake inapokaribia, kisha ataona haya kuja kwa wenzake, na mwishowe atahesabiwa kuwa mlegevu wa imani ilhali kilichomzuia ni birika la chai.

Katika kushirikishana Injili, jumuiya nyingi hufuata hatua saba zilizotokana na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyotugusa, kukaa kimya, kushirikishana, kuzungumzia kazi ya kufanya, na kusali kwa maneno yetu wenyewe. Kimya kisifupishwe. Kwenye kushirikishana, mwongozaji asisitize kila mmoja aseme habari zake mwenyewe, wala asigeuke mhubiri wa wenzake. Mzee mmoja akisema kwamba neno la leo limemgusa kwa sababu hasemezani na mwanawe, asikilizwe hadi mwisho na aombewe. Asipewe ushauri papo hapo, na asihojiwe kosa lilikuwa la nani. Yaliyosemwa hapo yabaki hapo. Aliyeyatoa nje aonywe kwanza faraghani, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza, kwa kuwa siri ikivuja mara moja watu hubaki wakisema mambo ya juu juu tu.

Hatua ya sita ndiyo inayopuuzwa zaidi, nayo ndiyo inayogeuza sala kuwa msaada. Ulizeni nani hayupo leo, na nani anaumwa. Mkisema tu kwamba mtamtembelea, hataenda mtu. Tajeni watu wawili na siku watakayokwenda, kisha wiki inayofuata waulizwe walimkutaje.

Michango iachwe mwisho kabisa, baada ya sala, na majina ya wasiotoa yasisomwe kamwe mbele ya watu. Mhazini amwendee mhusika kwa upole, na akimkuta hana, jumuiya ijiulize namna ya kumsaidia badala ya kumdai. Nalisema hili kwa uzito, kwa maana aliyeaibishwa kwa ajili ya fedha mbele ya Wakristo wenzake hurudi kwa shida sana.

Kwa wafiwa, kazi kubwa huanza matanga yakishaanuliwa. Turubai limeondolewa, ndugu wamepanda mabasi kurudi kwao, na mjane amebaki na watoto na madeni. Nendeni wawili au watatu, msikae sana, wala msianze kwa kumwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu, kwani analijua hilo na bado analia. Mwacheni amtaje marehemu kwa jina na kueleza habari zake, hata kama ni zile zile za juzi. Mmoja ateke maji au afue nguo za watoto. Mwingine, mwenyeji akiridhia, asome Zaburi fupi. Mwulizeni siku ipi humwia nzito kuliko nyingine, na mrudi siku hiyo.

Mwenyekiti na katekista nao huchoka, ila mara nyingi watu huwafikiria kuwa chemchemi isiyokauka. Wengine wapokezane kuongoza sala, na mara kwa mara wanajumuiya wawili wamtembelee mwenyekiti nyumbani kwake bila daftari wala taarifa yoyote ya jumuiya, wamjulie hali yeye na familia yake, na kumwombea kwa jina.