Kabla ya kutafuta dawa ya saratani kwenye ukungu ute, uoteshe kwanza

Wanafunzi ninaowafundisha kazi za maabara wakisikia kwamba ukungu ute una kemikali zinazozuia seli za saratani, wanakimbilia methanoli, kiyeyushi cha kutolea kemikali hizo. Mimi huwarudisha kwenye gogo bovu. Kiumbe huyu si kuvu. Ni ndugu wa amiba, ute unaotambaa na kula bakteria mpaka utakapokauka na kutoa spora.

Chukua vipande vya gome na mti uliooza, uvipange kwenye sahani za petri juu ya karatasi ya kuchujia, visipandane. Mimina maji yaliyokenekwa, acha vilowe usiku kucha, kisha mwaga yaliyobaki. Funika, weka penye mwanga hafifu, kagua kwa hadubini kila baada ya siku mbili tatu, hata kwa miezi mitatu. Wengi hukata tamaa hapa. Vumilia, na uandae sahani nyingi, kwa sababu mavuno ya sahani moja hayajai hata ncha ya kijiko.

Ukibahatika kupata Arcyria denudata, aina mojawapo ya ukungu ute, utaijua. Vinachomoza vijiti vyeupe vya milimita chache, vinageuka waridi, halafu vyekundu kama matofali. Ngozi ya juu inapasuka, nyuzi zilizojikunja ndani zinafyatuka kama springi, na chini kinabaki kikombe kidogo. Puliza taratibu uone vumbi jekundu likiruka.

Rangi hiyo ndiyo tunayoitaka. Mwaka 1980 Wolfgang Steglich na wenzake, Ujerumani, walieleza kemikali za rangi zitokazo humo, arcyriarubini na arcyriaflavini. Arcyriaflavini A huzuia CDK4, kimeng'enya kinachoisukuma seli igawanyike.

Kausha vijiti hivyo, saga, loweka kwenye methanoli ndani ya kabati la kufyonza mvuke, chuja, vukiza; kinachobaki ndicho dondoo.

Kwenye kupima usilegeze hata kidogo. Weka dondoo kwenye seli za saratani na kwenye seli za kawaida, na vishimo vingine vya sahani ya seli uvitie kiyeyushi kitupu, bila dondoo, ili ulinganishe. Bila seli za kawaida, usitamke neno dawa. Mfano ni staurosporini, kemikali inayofanana na arcyriaflavini kwa umbo la molekuli: ilipatikana Japani mwaka 1977 kwenye bakteria wa udongo. Inaua seli bila kuchagua. Wanakemia waliibadilisha, na dawa iliyotokana nayo, midostaurini, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa aina fulani ya saratani ya damu.

Mtu akikuomba unga huo ampelekee mgonjwa wake, usimpe. Mimi niliombwa na jirani ninayempenda sana. Nilikataa, nikamsindikiza kliniki ya saratani.