SOMO: Kupanda hadi Mandara na kurudi siku hiyohiyo

Ninaandika somo hili ili nisiendelee kujibu swali lilelile kila mtu anapopata likizo. Safari ninayoieleza huanzia geti la Marangu, kwenye Mlima Kilimanjaro, lililo takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kuishia vibanda vya Mandara, takriban mita 2,700.

1. Panda daladala ya Moshi hadi Marangu Mtoni alfajiri, kisha chukua bodaboda hadi getini.

2. Lipa kiingilio kwa kumbukumbu namba. Fedha taslimu hazipokelewi.

3. Weka maji kwenye chupa ya kudumu. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi hifadhini.

4. Panda polepole. Njia ni ya kilomita 8 hivi, na wengi hutumia saa tatu hadi nne.

5. Kushuka. Hapa ndipo watu huumia, kwa sababu hudhani kazi imekwisha. Mizizi iliyolowa huteleza kuliko tope, hasa iliyochubuliwa maganda na nyayo za waliotangulia, kwa hiyo usiikanyage, bali ivuke. Kabla ya kuondoka Mandara, fungua kamba za viatu na uzikaze upya kwenye kifundo cha mguu. Usipofanya hivyo, mguu utasukumwa mbele ndani ya kiatu na kucha za vidole gumba zitakuwa nyeusi kabla hujafika getini. Kucha zikatwe siku mbili kabla, si asubuhi ya safari. Anza kushuka saa nane mchana, hata kama hujafika juu, kwa sababu giza huingia mapema chini ya miti.

MASWALI

Swali: Viatu gani vinafaa? Raba zinatosha?

Jibu: Raba zenye soli iliyolika hazifai. Soko la Memorial, mjini Moshi, lina mabuti mazuri ya mtumba. Kuhusu kamba, soma hatua ya 5.

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Marangu. Bado nahitaji mwongozaji?

Jibu: Ndiyo. Utaratibu wa hifadhi hauulizi ulizaliwa wapi.

Swali: Kaka, kwa muda huo si tungefika hata Horombo?

Jibu: Horombo, vibanda vinavyofuata, iko takriban mita 3,700. Kichwa cha somo kinasema Mandara.

Swali: Shikamoo, mwalimu. Kwa nini huko juu kuna ukungu na kijani kibichi, ilhali barabara ya Himo ni kavu?

Jibu: Marahaba, dada. Pepo kutoka Bahari ya Hindi hupiga mteremko wa kusini, hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua katika ukanda wa msitu. Ndiyo maana utaona kuvu-mwani zikining'inia matawini kama ndevu, na mbega wakila majani juu yako. Tazama pia kando ya njia kwenye kivuli: kuna ua dogo jekundu na njano lenye umbo la mkonga, Impatiens kilimanjari, ambalo kwa asili huota Kilimanjaro pekee. Ukiwa na nguvu, ongeza robo saa hadi kreta ya Maundi. Kukiwa kweupe utakiona kilele cha Kibo.

Swali: Viatu vikilowa, vianikwe juani?

Jibu: Hapana, gundi ya soli huachia. Toa soli za ndani, jaza magazeti, na uyabadilishe yanapolowa.