Kubaki Mume na Mke baada ya Kiharusi

Mgonjwa wa kiharusi anaporudi nyumbani kutoka wodini, mwenzi wake hujikuta siku hiyohiyo amekuwa muuguzi na mtunza dawa, na asipoangalia, ndoa yenyewe huwekwa kando. Kwa hiyo, ndugu wanaokuja kumjulia hali waombwe waziwazi kushika zamu, ama ya kumwogesha, ama ya kumgeuza kitandani kila baada ya saa 2 iwapo hawezi kujigeuza, ili nawe upate muda wa kuketi naye bila kazi mkononi.

Kinachoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni kupotea kwa usemi. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, ambao kwa watu wengi ndio unaotawala lugha, mkono na mguu wa kulia huweza kupooza na maneno yakapotea pamoja navyo. Mgonjwa anajua anachotaka, lakini anasema "kikombe" akikusudia "shuka". Akili yake haijaondoka. Zima redio, kaa mahali anapouona uso wako, sema sentensi fupi kwa sauti ya kawaida, uliza swali linalojibika kwa ndiyo au hapana, kisha ungoje. Kungoja ndiko kugumu, kwani ulimi hukuwasha umalizie neno lake, lakini anayemaliziwa kila neno mwishowe hunyamaza kabisa. Wageni nao wasimzungumzie mbele yake kana kwamba hayupo, na ni wewe unayepaswa kuwaambia.

Akilia ghafla pasipo sababu, huenda kinachomliza ni lile jeraha la ubongo lililoachwa na kiharusi. Huzuni ikidumu zaidi ya wiki 2, yake au yako, mwambieni daktari, kwa kuwa inatibika.

Kuhusu tendo la ndoa, wengi huona haya kuuliza, wakaishi na hofu kwamba litaleta kiharusi kingine, ilhali kwa walio wengi huweza kurejewa hali ikishatulia na presha ikidhibitiwa. Muulizeni daktari mkiwa pamoja, na mtaje dawa anazotumia, kwani baadhi ya dawa za presha hupunguza nguvu za tendo hilo, na kuziacha kimyakimya ni kukaribisha kiharusi cha pili. Wakati mkisubiri, mshike mkono uliopooza bila kuuvuta, maana bega lake huteguka kwa urahisi.

Mambo ya nyumbani, kama ada za watoto au posa ya binti, yaendelee kupita kwake: mwonyeshe karatasi, mpe chaguo mbili, naye aonyeshe analolitaka kwa mkono wenye nguvu.