Jinsi ya kumfundisha kuruta wa polisi kazi ya kaunta na barabarani, sio kwata tu

Wakufunzi wa polisi, na nyie masajenti mnaopokea konstebo wapya hapa Mbeya wakishatoka depo Moshi, hii ni yenu. Kwata na shabaha wanaziweza, PGO (kanuni za kudumu za jeshi la polisi) wamekariri, shida inaanza kaunta pale mwananchi analia mbele yake na hajui aanzie wapi. Dawa ni mazoezi ya tukio, tena yawe mengi kuliko notsi.

Weka meza, kitabu cha RB (cha kuandikia taarifa za wananchi) na fomu za PF3 (za polisi, majeruhi anaenda nazo hospitali), halafu mtafute mtu mzima aigize mama katoka Uyole, kapigwa na mumewe, kichwa kinavuja damu, Kiswahili anachanganya na Kinyakyusa na akiulizwa kwa ukali ananyamaza kabisa. Kuruta aingie bila kuambiwa kesi ni nini. Wewe kaa pembeni uangalie, kamwamkia shikamoo mama? kampa kiti? anamhoji mbele za watu au kampeleka Dawati la Jinsia na Watoto? Mtu anavuja damu halafu unamuuliza kabila, hapana jamani, mpe PF3 awahi hospitali, maelezo yatafuata. Akimaliza usifoke, muulize mwenyewe kakwama wapi, kisha yule mama aseme alijisikiaje, halafu arudie palepale. Msiruke hapo kwenye kurudia, ndo somo lenyewe.

Siku nyingine leteni mtuhumiwa wa kuigiza. Kuruta aandike muda aliomkamata, maana sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai imetoa masaa 4 ya mwanzo ya kumhoji na kuongeza kuna utaratibu wake. Mkufunzi mmoja ajifanye bosi, amwambie "mtie makofi atasema", na kuruta ajifunze kukataa kwa adabu, "afande, Katiba ibara ya 13 imekataza kutesa mtu". Hili naomba msilifanye kwa haraka, kijana asipolizoea darasani kituoni hataweza.

Na huku kwetu malori ya mafuta ya Tunduma yanapita usiku na mchana, kwahiyo igizeni tenka limelala mteremko wa Iwambi, watu wanakuja na madumu kuchota mafuta. Morogoro Agosti 2019 walikufa watu zaidi ya 100 hivyohivyo. Kwanza asogeze watu mbali, azuie boda na sigara, afunge barabara pande zote, apige 114 Zimamoto.

Kwenye mtihani wa mwisho nusu ya maksi zitoke kwenye haya mazoezi, na aliyefeli kaunta arudie kabla hajapangiwa kituo.