Somo: Chakula cha mchana kisichohitaji friji, kutoka alfajiri hadi saa 7

Ukifunga chakula Chanika saa 11 alfajiri ukaja kukila Posta saa 7 mchana, kimekaa saa 8 ndani ya mfuko. Kati ya Desemba na Machi mchana wa Dar hufika nyuzi 32 za sentigredi, na ndani ya daladala iliyojaa ni zaidi. Somo hili ni la chakula kitakachofika salama bila friji wala maikrowevu.

Shikeni hili kwanza: chakula hakichachi kwa moto, kinachacha kwa uvuguvugu. Vijidudu huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60. Katika kiwango hicho chakula kilichopikwa kinapewa saa 2, na saa 1 tu hewa ikizidi nyuzi 32. Kwa hiyo kuna njia mbili. Bebeni cha moto kitakachobaki juu ya nyuzi 60 mpaka mnakifungua, au bebeni kikavu ambacho vijidudu havipati maji ndani yake. Wali wenye mvuke uliofunikwa kwenye kopo la plastiki hauko kwenye njia yoyote kati ya hizo, na ndio unaobebwa na watu wengi zaidi.

NJIA YA MOTO

1. Tumia chupa ya chakula ya chuma yenye kuta mbili, ile iliyo kama chupa ya chai lakini mdomo mpana. Ya mililita 500 inamtosha mtu mzima. Hotpoti ya plastiki ni ya kuweka mezani. Kifuniko chake hakibani na joto hutoka mapema.

2. Ipime kabla ya kuiamini. Saa 11 alfajiri ijaze maji yanayochemka, funga, ifungue saa 7 mchana, chovya kipimajoto cha jikoni. Yakiwa chini ya nyuzi 60, chupa hiyo ni ya uji wa saa 3 asubuhi, si ya chakula cha mchana.

3. Kila asubuhi ijaze maji yanayochemka na uifunge kwa dakika 10. Ukimimina chakula kwenye chuma baridi, chuma kitakula joto kabla hujatoka mlangoni. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, kisha chupa inalaumiwa.

4. Wakati huo chemsha chakula, ukikoroga, mpaka kitokote sufuria nzima, si pembeni tu. Kiache kitokote dakika 3. Nyama iwe imekatwa vipande vidogo, maana pande kubwa hubaki baridi katikati.

5. Mwaga maji, mimina chakula hapo hapo, kifike sentimita 1 chini ya kifuniko. Chupa iliyojaa nusu hupoa haraka kwa sababu ya hewa iliyobaki juu. Funga, na usifungue njiani hata kuonja.

Vinavyofaa ni vyenye majimaji: maharage, kunde, choroko, mchuzi wa nyama, supu, ndizi za kupika zenye rojo. Wali mkavu haufai sana, kwa kuwa kati ya punje kuna hewa na joto halikai. Weka mchuzi kwenye chupa, chapati zibebe pembeni.

NJIA KAVU

Chapati 8: unga wa ngano nusu kilo, chumvi kijiko cha chai 1, mafuta vijiko vikubwa 3, maji ya moto kama mililita 300 ukiongeza kidogo kidogo. Usitie maziwa, yai wala tui. Kanda, pumzisha nusu saa, sukuma, choma mpaka pasibaki alama mbichi.

Sasa sehemu inayoharibu kazi yote: kuzifunga zikiwa moto. Mvuke unagonga kifuniko, unarudi kuwa maji, na saa 7 chapati zina utelezi. Zitandaze kwenye ungo, zifunike kwa kawa, subiri zipoe kabisa, kama nusu saa. Kawa inatoa mvuke na inazuia inzi. Sahani iliyofunikiwa juu haifanyi hivyo. Kisha zifunge kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kukauka. Gazeti hapana, wino unahamia kwenye chakula.

Kitoweo chake ni dagaa. Vikombe 2 vya dagaa wakavu, toa vichwa, osha kwa maji ya moto, wachuje, waanike wakauke tena. Kaanga kwa moto wa wastani, dakika 5 hadi 7, mpaka wavunjike kwa sauti. Akipinda bila kuvunjika, bado ana maji. Kitunguu kaanga peke yake mpaka kikauke kama chipsi. Usitie nyanya. Ndimu ibebe nzima, uikate unapokula.

Jazia kwa korosho, karanga za kukaanga (tupa zilizosinyaa au zenye ukungu), mkate na siagi ya karanga, ndizi mbivu, chungwa, embe. Matunda yabaki na maganda yake.

Kwenye daladala usiweke mfuko juu ya boneti karibu na dereva. Chakula kikavu kinatoa jasho hapo. Ofisini kaa nao mbali na dirisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Kiporo cha wali kilicholala mezani nikikipasha asubuhi mpaka kitoe moshi, si kinakuwa salama?

Marahaba. Hapana. Kwenye mchele kuna kijidudu kiitwacho Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiwa vuguvugu zinaamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo haiharibiwi na moto wa kupashia. Wali huo unaweza usinuke kabisa ukakutapisha ndani ya saa chache.

Mayai ya kuchemsha yasiyomenywa je? Ganda si linakinga?

Wengi wanaamini hivyo, lakini kuchemsha kunaondoa utando unaoziba vitundu vya ganda. Yai la kuchemsha lina saa 2 kama chakula kingine. Lile asubuhi.

Maharage ya nazi nimeyaweka kwenye chupa nzuri, mchana yalikuwa yamechacha. Nimekosea wapi?

Dada, huenda tui bubu ulilitia mwisho ukaepua mapema lisikatike. Ndivyo tunavyofundishwa kupika nazi, na kwa kula papo hapo ni sawa. Lakini hapo sufuria haijafika kutokota, chakula kinaingia kwenye chupa kikiwa na nyuzi pungufu na tui bichi. Kwa chupa, tia tui mapema, koroga mfululizo, liache litokote dakika 3. Likikatika kidogo, ladha ipo pale pale. Nazi kwenye njia kavu usiitie kabisa. Vitumbua pia viache, ndani vina unyevu.

Samaki wa kukaanga ni mkavu, anafaa?

Ngozi ni kavu, nyama ya ndani ina maji. Jodari na vibua ni hatari zaidi: wakikaa kwenye joto hujenga histamini, ambayo moto hauiondoi. Uso unawaka, mwili unawasha, moyo unakwenda mbio. Dagaa mkavu ndiye samaki wa safari hii.

Mwanangu yuko darasa la pili, hawezi kufungua chupa ya chuma.

Basi mama, usimpe. Akiifungua kwa nguvu mchuzi utamuunguza. Mpe chapati 2, dagaa au siagi ya karanga, na ndizi 1. Mfundishe kunawa kwa sabuni kabla hajashika, na wewe unawe kabla ya kufunga: mikono hubeba vijidudu vinavyoacha sumu kwenye chakula. Ukiwa na kidonda kidoleni, funga chapati kwa koleo. Akirudi na kilichobaki jioni, usikitunze.

Nina friza nyumbani, ofisini hakuna kitu. Linanisaidia?

Ndiyo. Gandisha chupa ya maji ya nusu lita usiku, ilaze juu ya kopo la chakula kilichotoka kwenye friji, vyote ndani ya mfuko mnene. Juu, si chini, kwa sababu ubaridi hushuka. Ukifika saa 7 barafu ikiwa imeyeyuka yote na maji si baridi tena, usile.