Kanda Moja, Filamu Mbili: Namna ya Kukagua na Kunakili Kanda ya Video ya Mtumba

Kanda ya VHS iliyorekodiwa nyumbani, yenye tanzia ya kisasi mwanzoni na filamu ya dude baada yake, hukaguliwa kuanzia mwishoni. Filamu za aina zote mbili huficha utamu wake hadi dakika za mwisho: mlipa kisasi hatimizi kiapo mpaka maiti zimejaa ukumbini, na dude huonyeshwa kivuli na mkia tu kwa muda mrefu, maana vazi la mpira likimulikwa mno mishono yake huonekana. Kanda yenye mianzo miwili mizima na miisho iliyokatika haifai kununuliwa.

Fanya hesabu kabla ya kulipa. Kanda iliyoandikwa E-180 hubeba dakika 180 kwa kasi ya kawaida, yaani SP. Filamu ya dakika 105 ikifuatwa na ya dakika 90, jumla ni 195, kwa hiyo ama aliyerekodi alitumia kasi ya LP, ambayo huongeza muda maradufu na kupunguza ubora wa picha na sauti, ama kuna mwisho uliomezwa. Maandishi ya kalamu kwenye lebo hayathibitishi lolote. Niliwahi kununua kanda ambamo mwana wa marehemu anainua kisu, chenga zinajaa kwenye skrini kwa sekunde mbili, kisha dude linanguruma ziwani; aliyerekodi filamu ya pili alikuwa amerudisha utepe nyuma kupita kiasi na kuyafuta mauaji yote.

Ukishaichukua kanda mkononi, bonyeza kitufe kidogo cha ubavuni, inua kifuniko cha mbele, na utazame utepe bila kuugusa, kwa sababu mafuta ya vidole hunasa vumbi. Utepe mzima hung'aa na kunyooka, wala kingo zake hazina mikunjo. Chungulia pia kwenye vidirisha: unga mweupe juu ya mzingo wa utepe ni kuvu, na kanda ya namna hiyo usiitie kwenye deki unayoithamini, kwani kuvu huhamia kwenye vichwa, yaani sehemu za deki zinazosoma utepe, na kuambukiza kanda nyingine. Hakikisha vilevile kwamba kijilimi cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda kimevunjwa. Kama bado kipo, kivunje, ili usije ukaifuta filamu kwa kubonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya.

Suala la mfumo wa picha na rangi halina mjadala mrefu. Kanda zilizorekodiwa Tanzania, Kenya au Oman ni za PAL, ilhali iliyotumwa na ndugu aliyeko Marekani huwa ya NTSC, na deki ya PAL pekee itaitoa picha ikiruka au bila rangi. Herufi T kabla ya namba, kama T-120, ni dalili nzuri ya kanda ya huko.

Kabla ya kuicheza, peleka utepe mbele hadi mwisho kisha urudishe wote mwanzo, kwa kuwa utepe uliokaa miaka mingi bila kuzungushwa hulegea upande mmoja. Halafu kagua sehemu mbili: dakika kumi za mwisho wa kanda, na dakika kumi kabla na baada ya kiungo cha filamu hizo mbili. Chenga zikitanda chini ya picha, rekebisha polepole trakingi, yaani namna vichwa vinavyofuata mistari ya picha kwenye utepe. Zikibaki zilezile hata kwa kanda nyingine, safisha vichwa vya deki. Sauti zikienda mbio kama za panya, filamu hiyo ilirekodiwa kwa LP na deki yako haiwezi kasi hiyo.

Unaponakili kwenye kompyuta, unganisha waya wa njano kwa picha, na mweupe na mwekundu kwa sauti, kwenye kifaa cha kunasia picha. Deki ya mono, yaani ya sauti ya njia moja, kwa sauti ina tundu jeupe tu. Kwa kanda ya PAL, chagua ukubwa wa 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde, kisha uache kanda icheze yote kwa mkupuo mmoja. Usisimamishe deki kwenye kiungo, kwani picha huyumba kila utepe unapoanza upya, na huko ndiko mlipa kisasi anakokata roho. Zitenganishe filamu baadaye kwenye kompyuta, na kama kati yake kuna kipande cha taarifa ya habari au tangazo la sabuni, mimi hukihifadhi kama faili la tatu.