SOMO: Fungua duka la mtandaoni la kazi za mikono kwa kutumia simu tu (maswali yenu nimeyajibu huku chini)

Habarini wapendwa. Humu kuna mafundi kwelikweli, kuna wanaosuka vikapu vya ukindu, wanaoshona mabegi ya vitenge, watu wa shanga, watu wa batiki, lakini kazi zikishaisha zinaishia kuonwa na majirani na ndugu wanaotaka bei ya undugu. Nimeandika somo hili kwa ajili yenu, lisomeni taratibu.

Kitu kimoja mkishike kabla hatujaanza. Kastama wa mtandaoni hawezi kushika mzigo. Akienda pale Mwenge kwenye vinyago anageuza, anagonga, ananusa, anaulizia bei, anaondoka, anarudi tena. Kwenye simu hayo yote hana, kwa hiyo kila ambacho angekijua kwa mkono inabidi wewe umpe kwa picha na maandishi kabla hajauliza. Hatua zote zinazofuata ni hilohilo tu.

HATUA YA 1: Bidhaa chache
Usifungue duka na vitu arobaini ambavyo kila kimoja kipo kimoja. Chagua vinne vitano ambavyo mtu akikwambia nataka sita, unajua ukindu utaupata wapi, rangi ipo, na utamaliza lini. Vya kipekee viweke pia ila andika kabisa "kipo kimoja tu".

HATUA YA 2: Bei
Hapa ndo wengi wanaumia bila kujua. Tuchukue begi la kitenge, tuseme kitambaa 6,000, bitana 2,500, zipu na uzi 1,500, lebo na mfuko wa kufungashia 1,000, nauli ya Kariakoo ukiigawa kwa mabegi yote 500. Hiyo 11,500. Sasa muda wako, masaa manne, jilipe hata 2,500 kwa saa, ni 10,000. Jumla 21,500 na faida bado hujaweka! Ongeza asilimia 20 unafika 25,800, uza 26,000. Anayeuza begi hilohilo 15,000 amefanya kazi masaa manne kwa 3,500, msimfuate.

Na bei iandikeni jamani. Haya mambo ya "bei njoo inbox" yanafukuza watu, mtu yupo kwenye mwendokasi amebanwa, ana dakika mbili za kuangalia simu, hana muda wa kukuandikia na kusubiri ujibu jioni, anapita zake kwa mwingine. Tena anahisi unataka kumwangalia kwanza ndo umpangie bei. Bei ikiwa wazi, anayekuja inbox anakuja kununua.

HATUA YA 3: Picha
Simu ya kawaida inatosha. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa kikavu, mafuta ya vidole ndo yanaleta ule ukungu kwenye picha. Piga asubuhi kuanzia saa mbili mpaka saa nne au jioni kwenye saa kumi, weka stuli karibu na dirisha au barazani kwenye kivuli, nyuma tundika shuka jeupe lililopigwa pasi. Jua lisipige moja kwa moja, ukindu uliotiwa rangi unaonekana umepauka. Taa ya ndani izime, ikiwaka nyeupe yote inageuka njano halafu kastama akipokea anasema rangi siyo.

Kwa kikapu piga mbele, kitako, ndani, halafu mpini. Sehemu ambayo mnunuzi anaiogopa ni pale mpini wa ngozi unaposhonewa kwenye ukili (ule mkanda wa ukindu uliosukwa), kwa sababu vikapu vya ovyo vinakatikia hapohapo siku ya kwanza ya kubeba viazi. Isogelee kabisa aone uzi umepita mara ngapi na fundo limefichwa wapi. Kisha piga kikapu kikiwa begani kwa mtu ili ukubwa uonekane, na kwenye maelezo andika kimo, upana wa mdomo na urefu wa mpini kwa sentimita. "Kikubwa", "saizi ya kati" hazimsaidii mtu.

Msichukue picha Pinterest. Ile kazi siyo yenu, ina mwenyewe, na ndo inazaa zile za "nilichoagiza na nilicholetewa".

HATUA YA 4: Duka lenyewe
Tovuti itakuja baadaye, ukishakuwa na oda za kueleweka ndo ununue jina lako la .co.tz. Kwa sasa anza na WhatsApp Business, ni bure, na inakaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida ila kila moja na namba yake. Tafuta laini ya biashara kabisa, usichanganye kastama na magrupu ya harusi.

Ndani kuna katalogi, unaweka picha, bei na maelezo. Kuna majibu ya haraka, unaandika mara moja yale unayoulizwa kila siku (mnapatikana wapi, mikoani mnatuma?) halafu siku nyingine unaweka alama ya mkwaju (/) unachagua jibu. Kuna lebo za rangi, tumieni hizi: oda mpya, amelipa, imetumwa. Bila lebo, zikifika oda kumi kwa wiki utamsahau mtu aliyelipa, na huyo ndo atakayekuchafua kila kona. Insta iwe ya kuonyesha kazi, hasa video fupi za mikono ikisuka, na kwenye bio weka linki ya kumleta WhatsApp.

HATUA YA 5: Malipo
Chukua lipa namba yenye jina la duka, kastama akiliona jina kabla ya kuweka namba ya siri anatulia. Kwa kitu cha kutengeneza kwa oda pokea nusu kwanza, iliyobaki akishaona picha ya mzigo uliokamilika. Kilicho tayari na kinaenda hapahapa Dar, wengi watataka kulipia mzigo ukifika, mkubalie kama una boda unayemwamini.

HATUA YA 6: Kufikisha mzigo
Dar ni bodaboda, nauli mtajie mapema kutokana na eneo, Mbagala siyo Sinza. Mikoani ni basi, peleka ofisi ya vifurushi ya kampuni husika au stendi ya Magufuli pale Mbezi, andika jina na namba ya mpokeaji kwa maka peni pande mbili za mzigo, piga picha risiti na mzigo ukiwa umefungwa, mtumie hapohapo. Nje ya nchi kuna EMS ya Posta, utapewa namba ya kufuatilia na utajaza fomu ya forodha inayosema kilichomo na thamani yake.

Kufungashia tumieni mifuko ya khaki au boksi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kazi ya mkono ikiwa kwenye karatasi nzuri yenye kamba ya mkonge inapendeza zaidi.

MASWALI

Swali: Dada shikamoo, mimi nipo Kigamboni, vikapu vyangu wakati wa masika vinaota ukungu kabla havijauzwa, nifanyeje?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Ukindu ulisukwa ukiwa na unyevu ukauwekea bitana haraka, maji yamefungiwa ndani. Anika kikapu kitupu mpaka kikauke kabisa ndo ushone bitana. Hifadhi kwa kutundika hewa ipite, usivipange vikabanana sakafuni wala kufunga nailoni. Kilichoota kidogo piga brashi kavu nje ya nyumba halafu kianike juani. Kikishaingia madoa meusi usikiuze, hicho tumia nyumbani.

Swali: Mtu kanitumia skrinshoti ya muamala, meseji na mimi nimeipata, kumbe salio halijaongezeka. Boda alikuwa ameshaondoka na mzigo.
Jibu: Pole sana ndugu yangu, huo utapeli umeenea. Skrinshoti siyo malipo, na meseji yenyewe angalia imetoka wapi, mara nyingi inatoka namba ya kawaida ya mtu imeandikwa kama ya mtandao. Sheria iwe moja, unaingia kwenye menyu unaangalia salio ndo mzigo unatoka, hata kastama akilalamika ana haraka. Na akikwambia "nimezidisha hela nirudishie", usimrudishie kwa mkono wako, mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake.

Swali: Mkuu, nachonga vinyago vya mpingo, kuna mtu yupo Ujerumani anataka, naweza kutuma tu?
Jibu: Usitume hivihivi kaka. Miti jamii ya mpingo iliingizwa kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) kuanzia Januari 2017, kwa hiyo kabla ya kufunga mzigo nenda ofisi ya TFS (wakala wa misitu), waonyeshe kazi na uzito wake, wakwambie unahitaji kibali gani, na mnunuzi naye aulizie forodha ya kwao. Tunza risiti ya ulikonunua gogo. Na vitu vya pembe za ndovu au magamba ya kasa msiviguse kabisa, hata kama kastama anatoa hela nyingi.

Swali: TIN (namba ya mlipakodi) ni lazima? Mimi nauza heleni tu.
Jibu: Biashara ni biashara mama, hata ya heleni. TIN unaipata TRA bure, ukiwa na namba ya NIDA. Jina la duka unalisajili BRELA kwa mtandao, fanya mapema kabla hujachapisha lebo maana unaweza kukuta jina lina mwenyewe. Andika mauzo yako kwenye daftari kila siku, ukienda kukadiriwa kodi uende na kumbukumbu, usikadiriwe kwa macho.

Swali: Naweza kuchukua namba za kastama wangu wote nikawaweka kwenye grupu la matangazo?
Jibu: Waulize kwanza, mmoja mmoja. Walikupa namba kwa ajili ya mzigo, na grupu linaanika namba ya kila mtu kwa wengine. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Aliyekubali mtumie kwa orodha ya matangazo, siyo grupu, kila mtu anapata meseji peke yake, ila hakikisha ame-save namba yako la sivyo haimfikii.

Swali: Linki ya WhatsApp ya kuweka Insta inatengenezwaje? Yangu ikibonyezwa inasema namba haipo.
Jibu: Andika wa.me/ halafu namba yako. Ianze na 255, ile sifuri ya mwanzo itoe, alama ya kujumlisha usiweke, nafasi katikati usiache. Ukimaliza chukua simu ya mtu mwingine ubonyeze uone kama inakuja kwako.